Ziwa Lililokauka

Likizo iliyopita nilimweleza Babu, mvuvi tangu utoto wake, kwamba Ziwa Viktoria liliwahi kukauka. Alicheka, kisha akaniuliza: "Kama lilikauka, mjukuu wangu, samaki hawa walitoka wapi?" Nilinyamaza kwa haya, kwa maana somo nilikuwa nimelikariri tu. Muhula huu nimelisoma upya, na jibu langu ni hili.

Kipindi kilichoanza miaka kama milioni 2.6 iliyopita na kwisha miaka kama 11,700 iliyopita huitwa Plaistosini. Katika kipindi hicho dunia ilipoa na kupata joto mara nyingi. Baridi kuu ya mwisho ilifikia kilele miaka kama 21,000 iliyopita, barafu ikafunika Ulaya ya Kaskazini na sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini. Hapa Mwanza barafu haikufika. Kilichotufikia ni ukame. Sababu ni kwamba bahari ikipoa, maji machache hugeuka mvuke, na pepo zitokazo huko huleta mvua haba.

Ziwa letu ni pana, kilometa za mraba kama 68,800, lakini kina chake ni meta 80 hivi tu. Maji yake mengi hutokana na mvua inyeshayo juu yake, wala si mito, na mengi hupotea kwa jua. Basi ni mfano wa sinia la maji lililowekwa uani: mvua ikikosekana, halikawii kukauka.

Ushahidi uko chini ya ziwa lenyewe. Wataalamu walizamisha mabomba katika matope, na chini ya matope laini wakakuta udongo mgumu wa nchi kavu, wenye nyufa na vijizizi. Wanakadiria kwamba palikuwa pakavu kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita. Hata kabla ya hapo, katika kipindi hichohicho, ukame ulikuwa umekwisha kubadili maisha: katika kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya, imefukuliwa mifupa ya punda milia na choroa, wanyama wa mbuga kavu.

Kisha mvua zikarudi, ziwa likajaa. Samaki waliokuwa wamesalia katika mito na vidimbwi vya kandokando wakaingia na kuzaana. Furu, wale samaki wadogo tuwajuao, wakagawanyika hata wakawa aina zaidi ya 500, kila aina na chakula chake: wengine konokono, wengine wadudu, wengine majani ya maji. Hilo ndilo jibu la swali la Babu.

Lakini liko jambo moja lililonihuzunisha. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Babu mwenyewe husema kwamba furu wengi aliowavua kwa ndoano utotoni hawaoni tena. Kazi iliyochukua maelfu ya miaka iliharibika katika umri wa mtu mmoja.

Likizo ijayo nitampelekea Babu jibu lake. Nami nitamwomba anitajie furu wote anaowakumbuka, rangi zao na mahali alipowavua, niwaandike daftarini kabla hawajasahauliwa.