Kujaa na Kuzidi: Tatizo la Kisawe Kimoja katika Istilahi za Uhandisi na Usafiri wa Anga

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi ya Kiingereza "load factor" kama itumikavyo katika uhandisi na usafiri wa anga, kwa nia ya kuonyesha kwamba haistahili kupewa kisawe kimoja cha Kiswahili. Kisawe kinachomjia mfasiri upesi ni "kigawo cha mzigo". Hiyo ni tafsiri sisisi, nayo ina kasoro mbili. Kwanza, mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kuwa kigawo ni namba inayogawanya nyingine bila baki. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Dhana tunayoijadili siyo hiyo. Pili, jina hilo hufunika dhana kadhaa ambazo hata vipimo vyake havilingani. Mifano yetu imetolewa Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha kwenye barabara iendayo Namanga, na katika Kiwanja cha Ndege cha Arusha kilichopo Kisongo.

2.0 Dhana Zinazohusika

2.1 Katika uhandisi wa umeme, istilahi hii hutaja uwiano baina ya wastani wa mahitaji ya umeme kwa kipindi fulani na mahitaji ya juu kabisa ya kipindi hichohicho. Tuchukue mfano wa kubuni wa mashine ya kusaga nafaka Ngaramtoni. Siku za soko, yaani Alhamisi na Jumapili, mashine husaga mfululizo. Siku nyingine husimama kwa saa nyingi. Ikiwa mahitaji yake ya juu ni kilowati 20, na kwa siku 30 imetumia uniti 2,400, basi wastani kwa saa 720 ni kilowati 3.3, na uwiano ni takribani 0.17. Nyaya na transfoma zimeandaliwa kwa kilowati 20, lakini muda mwingi hazitumiki kwa kiasi hicho.

2.2 Katika biashara ya usafiri wa anga, hutajwa sehemu ya nafasi iliyouzwa: kilomita walizosafiri abiria hugawanywa kwa kilomita zilizosafirishwa viti vyote. Ndege ya viti 12 vya abiria ikiondoka Kisongo na abiria 9, kiwango chake kwa safari hiyo ni asilimia 75.

2.3 Katika elimu ya urukaji, hutajwa uwiano baina ya kani inayoinyanyua ndege na uzito wa ndege hiyo. Ndege ikiruka sawasawa, uwiano ni 1. Ikigeuka kwa mlalo wa nyuzi 60 bila kupoteza kimo, uwiano hufikia 2. Mbawa hubeba mara mbili ya uzito wa ndege, na mwendo wa chini kabisa ambao ndege huweza kuelea hupanda kwa takribani asilimia 41.

3.0 Uchambuzi

Dhana mbili za kwanza ni za sehemu ya kitu kamili: thamani yake haivuki 1. Dhana ya tatu ni ya mara: yaweza kuwa 2, yaweza kuwa 0, na yaweza hata kushuka chini ya 0. Isitoshe, ndege iliyorudi bila abiria yeyote ina asilimia 0 kwa mhasibu, na papo hapo, ikigeuka kwa mlalo tuliotaja, ina 2 kwa rubani. Iwapo wote wawili watasoma "kigawo cha mzigo", mmoja wao atapotoshwa. Na kwa rubani mwanafunzi, kosa hilo si la kamusi tu.

Wahandisi wa majengo wako upande wa mara. Kanuni za Uingereza za BS 8110 za mwaka 1985, kwa mfano, zilizidisha uzito wa kudumu wa jengo kwa 1.4 na mzigo wa matumizi kwa 1.6.

Wasemaji wa kawaida wamekwisha kuitenga mikabala hii. Katika kituo cha daladala, gari "leveli siti" ni lile ambalo viti vyote vimekaliwa na hakuna aliyesimama: hiyo ni lugha ya kujaa. Pikipiki "iliyopakia mishikaki" imebeba abiria kupita kiasi chake: hiyo ni lugha ya kuzidi. Methali nayo husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uzito wa kitu na uzito anaouhisi mbebaji si jambo moja.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza visawe vifuatavyo:

(a) umeme: uwiano wa wastani na kilele;
(b) biashara ya ndege: kiwango cha kujaa kwa viti;
(c) urukaji: kizidishi cha uzito;
(d) majengo: kizidishi cha mzigo.

Tumeepuka "ujazo" katika (b) kwa kuwa katika fizikia neno hilo limekwisha kupewa kazi nyingine. Huenda wataalamu wakadai kuwa wingi huu utawatatiza wanaporejea vitabu vya Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ni kamusi kuorodhesha maana zote nne chini ya kidahizo kimoja cha Kiingereza. Istilahi hutaja dhana. Haina wajibu wa kurithi utata wa lugha ilikotoka.