Amri ya Nne na Haki ya Wazee

1. Mfano. Mama mzee akaa katika nyumba ya mwanawe. Hapigwi wala hatukanwi. Lakini chakula huletewa wa mwisho, kimekwisha kupoa; akiugua, huambiwa kwamba ni uzee tu; na shamba lake limeuzwa pasipo yeye kuulizwa. Jirani akimwamkia, hujibu: «Watoto wananitunza vema.» Je, mama huyo amedhulumiwa?

2. Maelezo. Ndiyo, amedhulumiwa. Kumpiga mzee ni dhuluma. Vilevile kumtisha, kumnyang’anya mali yake, na kumwacha bila chakula, dawa wala mtu wa kuzungumza naye. Dhuluma iliyo mbaya kupita nyingine ni kumsingizia uchawi: katika Kivu ya Kusini, mwaka 2021, wanawake wazee kadhaa waliuawa kwa neno hilo.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kati ya watu 6 wenye miaka 60 na zaidi, 1 hutendewa ubaya katika muda wa mwaka mmoja. Wengi hawasemi. Mzazi huona haya kumshtaki mtoto wake mwenyewe, tena huogopa kufukuzwa. Kwa hiyo jibu la yule mama halimtoshi jirani mwema. Yafaa amtembelee mara kwa mara, aketi naye peke yake, amsikilize, kisha awaite wakubwa wa ukoo. Penye hatari ya kifo asingoje kikao cha ukoo, bali apeleke habari kwa serikali upesi.

3. Mafundisho. Amri ya nne haimhusu mtoto mdogo peke yake. Yamfunga hata mtu mwenye mvi, maadamu wazazi wake wangali hai. Yezu aliwakaripia Mafarisayo walioruhusu mtu kuwanyima wazazi msaada kwa kisingizio kwamba mali yake ni sadaka ya Mungu. Basi anayetoa sadaka kanisani huku mama yake ana njaa, deni lake bado halijalipwa. Sheria ya nchi nayo yakubali: Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 49, yawapa wazee haki ya kulindwa. Na Umoja wa Mataifa, mwaka 2011, uliweka tarehe 15 Juni iwe siku ya kukumbusha watu wote jambo hilo.

4. Maswali. Nyumbani, mzee hula saa ngapi, na pamoja na nani? Nani hushika fedha zake? Ni lini mtu alipoketi naye mwisho, akamsikiliza?