Somo la Familia: Baiskeli, Kazi na Besiboli ya Mtoto

Nyumba nyingi kati yetu zina gari moja. Mzazi mmoja huondoka nalo, mwingine huenda kazini kwa baiskeli. Msimu wa besiboli ukifika, mtoto huuliza: utakuja kuniona?

Tuujue kwanza mchezo wenyewe. Besiboli haihesabu dakika kama soka. Watoto wa Little League hucheza raundi 6, wakubwa 9. Timu hupiga mpaka wachezaji wake 3 watolewe, ndipo inapisha nyingine. Kwa hiyo hatuwezi kumwahidi mtoto saa ya kumaliza.

Lakini saa ya kufika tunaweza. Kilomita 8 kwa baiskeli ni kama nusu saa, foleni iwepo isiwepo. Badala ya "nitajitahidi", tumwambie, "Raundi ya tatu utaniona," nasi tutimize. Mtoto anayengoja zamu ya kupiga hutupa jicho kwenye uzio kuona nani amekuja.

Tufanye hivi:
1. Jumapili jioni tuandike pamoja siku za mechi na zamu za kazi.
2. Glovu, maji na viatu vya mtoto viende na gari.
3. Baiskeli iwe na taa mbele na nyuma. Mvua ikizidi, mabasi mengi ya mjini hubeba baiskeli mbele.
4. Asiyeweza kufika amwambie mtoto mapema, si baada ya mechi.

Swali la kujadili nyumbani: wiki hii, ni ahadi ipi tuliyompa mtoto, na nani ataitimiza?