Pate: Kisiwa Kisichopimika kwa Rula

Kabla ya kwenda kisiwa cha Pate kwa utafiti wa mwaka wa tatu, nilikaa maktabani na ramani na rula. Kutoka Lamu ni pua na mdomo, nikaona. Nikapanga: asubuhi mji wa Pate, adhuhuri Siyu, jioni Faza. Wenzangu, niliumbuka!

Mashua ilipita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ikatia nanga Mtangawanda. Mbona hatufiki mjini? "Maji yamekupwa, mwanangu," nahodha akanijibu. "Shuka utembee." Karibu saa nzima juani, begi mgongoni.

Ndipo jiografia ikaniingia. Bahari hapa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, tofauti ya kina hufika mita 3 na zaidi. Mbele ya mji wa Pate maji ni haba, kwa hiyo chombo huingia yakijaa tu. Mji huu uliwahi kuitawala Lamu. Leo migomba na tumbaku vimeota ndani ya kuta za matajiri wa zamani.

Siyu nayo imejificha ndani ya hori la mikoko. Mji wa wanazuoni na mafundi wa ngozi, ndiko alikoolewa Mwana Kupona. Mumewe, Bwana Mataka, aliyashinda majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840. Ujasiri wake sikatai, lakini mimi nadhani tope nalo lilipigana.

Shanga, upande wa kusini-mashariki, ni magofu matupu. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta mabaki ya misikiti ya miti na udongo, ya kuanzia karne ya 8. Mji ulihamwa karne ya 15.

Faza, makao ya utawala wa Lamu Mashariki, sikufika siku ile. Nililala Pate. Usiku wa manane mama mjamzito akazidiwa, na maji yalikuwa yamekupwa. Wakampandisha punda, taa ya simu mbele, hadi Mtangawanda kwenye mashua. Alijifungua salama, tukaambiwa asubuhi.

Ripoti yangu niliiandika upya. Safu ya kilomita nikaifuta, nikaweka saa za maji.