Kabla Hujatuma Pesa, Uliza Sifa Yake

Unakaa Ruiru na unataka jozi kumi za viatu za kuuza. Muuzaji yuko Thika, hamjawahi kuonana. Anasema tuma pesa kwanza, ndipo akuwekee mzigo kwenye matatu. Utamwamini kwa nini?

M-Pesa ilipofanyiwa majaribio mwaka wa 2005, Thika ilikuwa mojawapo ya sehemu hizo. Wateja wa kwanza walikuwa wakopaji wa Faulu Kenya, waliokuwa wakilipa mikopo yao kwa simu. Walikopa kwa vikundi, wakidhaminiana. Ukikosa kulipa, mzigo uliwaangukia wenzako, na wao ndio uliohitaji wakukubali tena siku ya mkopo mwingine. Hilo ndilo lililowashikilia, si urafiki.

Huyu wa viatu hana kikundi. Ana laini tu, na laini iliyosajiliwa jana haina sifa ya kupoteza. Lakini mwenye duka ambaye wateja wamemjua kwa nambari moja miaka mitano hawezi kuichoma kwa sababu ya jozi kumi. Basi muulize: ni nani huku Ruiru ameshanunua kwako? Mpigie mtu huyo. Picha za meseji za malipo zisikutoshe, hizo hutengenezwa.

Bado una shaka? Agiza jozi moja kwanza. Jina la mpokeaji likitokea kwenye simu, lisome. Kama si lile alilokuambia, katiza, hata kama anakuita ndugu yangu. Mzigo ukifika sawa, waambie wengine. Usipofika, waambie pia.