Kutoka Kizingo hadi Leipzig: Wiki za Kwanza katika Mji wa Chuo

Mgeni wa Kizingo, Mombasa, hufundishwa na watu. Akikaa Lighthouse jioni na mihogo yake ya pilipili na ndimu, muuza madafu atamwambia tuktuk ya kwenda Mji wa Kale ni pesa ngapi, na jirani atamwonya ni siku gani maji hukatika. Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, kanuni za maisha zimo kwenye karatasi, na mara nyingi hakuna atakayekusomea mpaka uwe umekosea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe utapewa siku ya kwanza, nalo ni fomu.

Maelezo haya ni ya kijana aliyepata nafasi ya kusoma huko, na ya mzazi anayemfungia sanduku.

Mji wenyewe

Chuo Kikuu cha Leipzig kilianzishwa mwaka 1409. Wareno walipoanza kujenga ngome ya Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1593, chuo hicho kilikwisha kuwa na miaka 184. Hata hivyo usishangae ukikuta vioo na zege katikati ya mji. Serikali ya Ujerumani Mashariki ililipua kanisa la kale la chuo mwaka 1968, na jengo jipya lililosimama mahali pake limechongwa kwa sura ya kanisa lile. Ukitembea dakika chache utafika Kanisa la Mtakatifu Thomas, alikofanya kazi mwanamuziki Bach kuanzia 1723 hadi alipofariki mwaka 1750.

Wala wewe si Mmombasa wa kwanza kufika huko. Mshairi Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifundisha Kiswahili katika chuo hicho kuanzia 1995 hadi 2011. Ukizidiwa na upweke, pita kwenye taasisi ya masomo ya Afrika: wamo Wajerumani wanaohangaika na ngeli, na watafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye.

Kabla ya safari

Visa ya masomo huombwa katika ubalozi wa Ujerumani, Nairobi. Anza mapema, maana miadi huchelewa. Utatakiwa kuonyesha kwamba una pesa za kujikimu. Wengi huziweka katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo hukutolea fungu moja kila mwezi. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka, yaani yuro 992 kwa mwezi. Kiwango hiki hupandishwa, kwa hiyo uliza upya kabla ya kutuma pesa.

Vyeti halisi vibebe kwenye begi la mkononi. Usimalize pesa kwa makoti ya Mombasa; nunua koti la baridi huko huko, ukiwaona wenyeji wanavaa nini.

Majembe ya mwanzo

Kwanza, jiandikishe makazi, jambo linaloitwa *Anmeldung*. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Mwenye nyumba lazima akujazie fomu ya kuthibitisha kwamba unakaa kwake. Idai siku unayopokea ufunguo. Mengi yanayofuata, kama kibali cha ukaazi, hutegemea karatasi hiyo.

Pili, bima ya afya. Bila hiyo chuo hakikuandikishi.

Tatu, fungua kila barua. Baada ya kujiandikisha itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Ada hiyo ni ya nyumba moja, si ya kila mtu, basi gawaneni na mnaokaa pamoja.

Nne, tramu haina utingo. Mkaguzi hutokea ghafla akiwa na nguo za kawaida, na asiye na tiketi hulipa yuro 60. Uliza kwanza kama ada yako ya muhula imejumuisha usafiri.

Nyumbani na jikoni

Jumapili maduka karibu yote hufungwa. Nunua chakula Jumamosi, la sivyo utazunguka na njaa hadi stesheni kuu ya treni, ambako baadhi ya maduka huwa wazi. Nyama ya halali na viungo vya pilau tafuta mtaa wa Eisenbahnstraße, kwenye maduka ya Waarabu na Waturuki.

Chupa tupu usitupe. Za plastiki nyingi ulizilipia amana ya senti 25; zirudishe kwenye mashine ya dukani, itameza chupa moja moja kisha ikutolee risiti ya kupunguziwa bei.

Sisi wa pwani tumezoea madirisha wazi kutwa. Wakati wa baridi utayafunga, upike wali wa nazi, mvuke ugande kwenye kioo, na baada ya mwezi ukuta uote ukungu ambao mwenye nyumba anaweza kukudai. Fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano, mara mbili tatu kwa siku, kisha yafunge.

Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili kutwa, mtaa hutakiwa kuwa kimya. Jirani asipokusemesha usidhani amekuchukia; msalimie wewe kwanza kwenye ngazi.

Jua lisilofuata saa

Saa ya Kiswahili huhesabu kwa jua: likichomoza, siku imeanza. Leipzig hesabu hiyo itakuvunjikia. Desemba jua huchomoza saa mbili na kitu asubuhi na kuzama kwenye saa kumi jioni. Juni huzama saa tatu na nusu usiku. Anayeswali atumie ratiba ya msikiti wa huko, asikisie. Katika miezi ya giza toka nje mchana, hata kwa nusu saa, na huzuni ikizidi muone daktari, bima umeilipia.

Na nyumbani wakumbuke. Wakati wa baridi Mombasa iko mbele kwa saa mbili, kiangazi kwa saa moja. Ukisubiri kumaliza kazi zako za masomo ndipo umpigie mama saa nne usiku wakati wa baridi, Kizingo ni saa sita. Mpigie ukitoka darasani.