Bima ya Mpangaji: Mali ya Chumbani na Hukumu Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wengi wetu tunaosoma Mbale, au Kampala pande za Wandegeya, Kikoni na Kibuli, tunaishi katika vyumba vya kupanga. Chumbani mna godoro, nguo, vitabu, jiko la gesi, simu na kompyuta yenye kazi ya miaka mitatu ndani yake. Waya mbovu ukishika moto usiku mmoja, mzazi aliyeuza ng'ombe ili ulipe karo hana ng'ombe wa pili. Je, mwanafunzi Mwislamu akate bima ya vitu vyake? Na akikata, achague ipi?

Wanazuoni wametufundisha kwamba hukumu ya jambo hutokana na kulifahamu jambo lenyewe. Kwa hiyo tutaanza na mkataba, kisha hukumu, kisha namna ya kuchagua.

1. Mkataba wenyewe

Mwenye nyumba akikata bima, hukata ya jengo lake: kuta, paa na milango. Godoro lako halimo. Hapa ndipo wapangaji wengi hujidanganya, wakidhani hosteli yenye bima inawalinda na wao.

Bima inayomfaa mpangaji ina mafungu matatu. La kwanza ni vitu vya ndani, dhidi ya moto, radi, bomba kupasuka na wizi wa kuvunja. La pili ni vitu unavyotembea navyo, kama simu na kompyuta. Ukiibiwa ndani ya taksi, fungu la kwanza halikusaidii. Lazima uwe umelipia hili la pili. La tatu ni hasara unayowasababishia wengine: umesahau pasi, moto umevuka hadi chumba cha jirani, naye anadai haki yake.

Kwa kawaida kampuni za Uganda na Kenya huyauza mafungu haya katika hati moja ya bima ya nyumba. Mpangaji anaweza kuomba fungu la jengo liondolewe, kwa kuwa jengo si lake.

2. Hukumu

Kujikinga si kupungukiwa na tawakkul. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Basi kinachojadiliwa ni aina ya mkataba.

Katika bima ya kibiashara, tuseme unalipa shilingi 60,000 kwa mwaka. Mwaka ukipita salama, fedha imekwenda bila kupata kitu. Chumba kikiungua, unapewa 3,000,000. Wakati wa kufunga mkataba hakuna anayejua atapata nini. Hiyo ndiyo gharari, na Mtume (s.a.w.) amekataza mauzo ya gharari, kama alivyopokea Muslim. Tena kampuni huiweka fedha hiyo katika hati fungani na amana zenye riba.

Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliizungumzia bima ya bidhaa za baharini na akaona mfanyabiashara hana haki ya kuchukua fidia ile. Desemba 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah, na katika azimio namba 9 likasema bima ya kibiashara yenye ada maalumu ni haramu kwa sababu ya gharari kubwa iliyomo. Likaelekeza kwenye badala yake: bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya kujitolea.

Wapo walioona tofauti. Sheikh Mustafa al-Zarqa alitetea uhalali wa mkataba wa bima kwa asili yake katika mkutano wa fiqhi wa Damascus mwaka 1961. Tunaitaja rai yake kwa heshima, ingawa maamuzi ya mabaraza yamekwenda upande wa pili.

Zingatia hapa jambo moja. Bima ya gari inalazimishwa na sheria, na wanazuoni wengi humpa mwenye gari udhuru kwa sababu hiyo. Bima ya chumba hapa kwetu hailazimishwi na yeyote. Kwa hiyo usikopeshe udhuru wa gari ukaupeleka kwenye godoro. Atakayekwenda kusoma nje akakuta sharti la bima ndani ya mkataba wa upangaji, hali yake ni nyingine, na amuulize mwanachuoni kabla ya kutia sahihi.

3. Takaful inatofautiana wapi?

Kuna wanaosema takaful ni bima ile ile iliyovishwa kanzu. Jibu limo katika aina ya mkataba. Katika takaful mchango wako ni tabarru', yaani sadaka kwa mfuko wa wanachama wote. Hununui fidia. Wanazuoni wa Maliki wamebainisha kwamba gharari huharibu mauzo lakini haiharibu kujitolea, kwani anayejitolea hakungoja badala.

Msingi wake tunaukuta katika sifa za kabila la Ash'ari, waliotajwa na Bukhari na Muslim. Chakula kilipowapungukia walikusanya walichonacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa, na Mtume (s.a.w.) akawasifu kwa hilo.

Kenya ilipata kampuni yake ya takaful mwaka 2011. Uganda ilifungua mlango wa benki za Kiislamu kwa marekebisho ya sheria ya taasisi za fedha ya mwaka 2016. Popote ulipo, ukiambiwa "hii ni takaful", pima kwa maswali haya: mfuko ni wa nani, wa wanachama au wa kampuni? Ziada ya mwisho wa mwaka inakwenda wapi? Mfuko ukipungukiwa, kampuni inaukopesha bila riba? Nani wamo katika bodi ya sharia? Asiyeweza kujibu anakuuzia jina.

4. Kabla ya kutia sahihi

Orodhesha vitu vyako kwa bei ya kununua vipya leo. Usipunguze ili ada iwe ndogo. Mfano: vitu vina thamani ya 4,000,000, wewe umeandikisha 2,000,000, yaani nusu. Ukipata hasara ya 1,000,000, kampuni inaweza kukulipa nusu yake tu, 500,000.

Uliza ni kiasi gani cha kila hasara utakibeba mwenyewe. Kikiwa 200,000 na simu yako ni ya 250,000, utalipwa 50,000.

Uliza maana ya wizi. Hati nyingi hutaka alama za kuvunja mlango au dirisha. Ukiacha mlango wazi ukaenda kuswali, huenda usipate kitu.

Uliza kama unalipwa bei ya kitu kipya au ya kitu kilichotumika.

Tunza risiti, namba za kompyuta na picha, lakini usizitunze ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Likitokea tukio, toa taarifa polisi na kwa kampuni bila kuchelewa. Usiongeze kitu ambacho hukuwa nacho. Huo ni wizi hata kama kampuni ni tajiri.

5. Pasipo na takaful

Tunaweza kuanza wenyewe. Wanafunzi 40 wa hosteli moja wakitoa 5,000 kila muhula, wana 200,000. Ni kidogo, lakini inanunua godoro na blanketi kwa aliyeunguliwa usiku. Andikeni masharti manne: mchango ni tabarru' na haurudishwi, hakuna ahadi inayozidi kilichomo mfukoni, watunzaji ni wawili na hesabu husomwa mbele ya wote, ziada hubaki kwa muhula ujao au hutolewa sadaka. Mfuko ubaki wa wanahosteli wenyewe. Ukianza kuuzia watu wa nje kinga, hiyo ni biashara ya bima na inahitaji leseni.

Pamoja na hayo yote, mfungeni ngamia: kufuli imara, sigiri isiingie chumbani, na nakala ya tasnifu yako iwe mahali pengine. Hakuna bima, ya halali wala ya haramu, inayorudisha sura tatu ulizoziandika.

Maswali ya halaqa

1. Kwa nini gharari huharibu mauzo na haiharibu tabarru'?
2. Mwanachama aliyetoa 5,000 akidai arudishiwe kwa sababu hakupata hasara, mtamjibu nini?
3. Hosteli yenu inahitaji nini kuanzisha mfuko muhula huu?

Haya ni mafunzo, si fatwa. Kwa hali yako mahususi muulize sheikh unayemwamini. Mwenyezi Mungu atuhifadhie dini yetu na mali zetu, na aturuzuku halali. Amin.